Siku Niliyoitaja Miungu ya Kirumi Ukweni

Jamani, naomba nianze kwa kukiri kwamba jambo hili niliapa nisilisimulie kwa mtu, na hata leo nisingelisimulia kama si kwamba kule Nyakisasa, wilaya ya Ngara, kila mtu analijua tayari, tena wanalisimulia kwa chumvi nyingi (wapo wanaosema nilipanda juu ya meza, uongo mtupu, meza yenyewe ilikuwa imejaa soda), kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu kuliko kwa wapita njia. Mimi ndiye yule mwalimu aliyekwenda kuposa Ngara akawaambia wakwe zake, mbele ya ukoo mzima uliokaa kwenye viti vya kukodi, kwamba watoto wao wana majina ya miungu ya Warumi. Ndiyo, ni mimi. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, huku Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, na ualimu mnaujua, ni kazi lakini pia ni ugonjwa, maana mwalimu akijifunza kitu kipya jioni, asubuhi asipompata mtu wa kumwambia anavimba tumbo. Wenzangu wa ofisini wamenizoea, nikifungua mdomo wanashika kalamu nyekundu na kujifanya wanasahihisha. Juni peke yake ndiye aliyekuwa ananisikiliza. Juni ni bibi shamba wa kata yetu, msichana wa Kihangaza kutoka Nyakisasa, ana uwezo wa kuingia kwenye shamba la mtu mzima kabisa akamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, haya mahindi ulipanda au ulimwaga?" na mzee akacheka na kupanda upya kwa mistari (mimi ningesema hivyo ningefukuzwa na jembe). Nilimpenda mpaka nikalima matuta nyuma ya nyumba yangu ya shule, mimi nisiyejua hata mchicha unaanzaje, ili tu awe na sababu ya kuja kuyakagua. Aliyakagua. Alisema ni matuta mabaya kuliko yote aliyowahi kuyaona katika utumishi wake, lakini akawa anakuja.

Sasa tuje kwa baba yake. Anaitwa Mzee Sostenes, lakini Nyakisasa yote inamwita Mzee Kalenda, na sababu ni kwamba watoto wake wote aliwapa majina ya miezi waliyozaliwa, akiyasoma kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Wa kwanza ni Januari, mwenye karakana ya kuziba matairi palepale barabarani mbele ya mji wao. Anafuata Machi, kiongozi wa kwaya, mtu mpole ambaye akimkanyaga mbuzi anamwomba radhi. Halafu Juni wangu. Kisha kitinda mimba, msichana anayeitwa Oktoba. Mzee mwenyewe ni mzee wa kanisa na analima mahindi na maharage, na kama kuna kitu anachokichukia duniani kuliko viwavi ni mambo ya mizimu, matambiko na sanamu. Juni alikuwa ameniambia mapema: baba yake akisema hapana, ni hapana, na yeye Juni hatatoka kwao bila baraka ya baba yake, hata anipende vipi. Kwa hiyo mnaelewa, siku ile nilikwenda kuomba kitu kimoja tu maishani mwangu, na ufunguo alikuwa nao mzee mmoja.

Jioni ya kuamkia safari nilikuwa naandaa somo la kidato cha tatu, nikiwa na simu mkononi, nikakuta mahali wanaeleza maneno ya Kiingereza yaliyotokana na majina ya miungu ya Warumi wa kale. Jamani! Nilisoma mpaka chai ikapoa. Kumbe volkano ni Vulkano, mungu wa moto na uhunzi! Kumbe nafaka kwa Kiingereza zimebeba jina la Seresi, mungu mke wa mavuno! Kumbe hata miezi! Nikalala nimevimba tumbo, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na hakukuwa na kipindi tena hadi Jumatatu.

Asubuhi msemaji wangu, baba mdogo Laurenti, alinikagua shati, akanikagua viatu, kisha akanikagua mdomo. Baba mdogo ni Msubi wa Biharamulo, amekuwa dalali wa ng'ombe minadani muda wote wa uhai wake, na kwa maneno hana mpinzani, anaweza kukuuzia ng'ombe wako mwenyewe ukamshukuru. "Fulgence," akasema, "nakujua. Kwao na kwetu mila ni moja, mwenye kuposa hasemi hadi apewe nafasi. Mdomo wako leo ni wa kunywea soda. Maneno niachie mimi."

Nikamwambia, "Sawa baba mdogo, nimeelewa." Na nilikuwa nimeelewa kweli.

Tulipokelewa vizuri sana. Turubai limefungwa, wazee wa upande wao wamekaa mkabala na sisi, juisi ya ndizi imeletwa kwenye majagi (nyumba ya mzee wa kanisa, iliyochacha haiingii), na Juni amefichwa ndani na mashangazi zake kama mila inavyotaka. Tukatoa shikamoo zetu, tukapewa marahaba. Msemaji wao akatuuliza tumepotea njia au vipi, baba mdogo akasema sisi ni wakulima tumesikia mwaka wa nyumba hii una miezi mizuri, tumekuja kuomba mwezi mmoja ukapande kwetu. Watu wakapiga makofi. Nikamwona Mzee Kalenda anatabasamu mpaka meno ya nyuma, nikasema moyoni, Fulgence, umeoa.

Kwa ile furaha mzee akasimama mwenyewe, ingawa haikuwa zamu yake. "Wageni wetu, mzee Raurenti, karibuni," akasema. "Mmegusia miezi, na mimi niwaambie. Majina yetu ya zamani mengine yarikuwa na mambo ndani yake, unamwita mtoto kumbe unamwita na babu ariyekufa. Mimi nikasema, hapana. Nikachukua karenda. Karenda haina mizimu. Karenda ni kitu safi."

"Amina," wakasema wazee.

Mama Januari, mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni na bibi yake Juni, akanitazama kwa upendo akasema, "Na mwalimu wetu ni wa Kiingereza, atakuwa anajua hata maana ya majina hayo."

Sasa hilo halikuwa swali. Hata mtoto wa chekechea angesikia kuwa ni namna ya kukaribisha mgeni tu. Na baba mdogo alilijibu vizuri kabisa, akasema, "Maana yake, mama, ni kwamba nyumba hii ina baraka mwaka mzima," makofi yakapigwa, mambo yakaisha. Hapo ndipo ningekunywa soda yangu nikaoa kwa amani. Lakini lile somo la jana, jamani, lilikuwa bado halijapata mtu wa kuambiwa. Nikafikiri, niongeze kidogo tu, kitu kimoja kizuri cha kumsifia binti yao, nani atakasirika kwa sifa? (Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile.)

"Na Juni," nikasema, nikasikia baba mdogo amenishika goti, "Juni ni jina la Yuno, malkia wa mbinguni, mlinzi wa ndoa!"

Kutoka ndani ya nyumba vigelegele vikalipuka. Mashangazi walikuwa wamesikia malkia, wakasikia mbinguni, wakasikia ndoa, wakaona inatosha. Machi akaanzisha pambio. Na mimi, badala ya kukaa, nikalewa vile vigelegele, kwa sababu darasani kwangu hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipigia kigelegele hata kimoja, nikasimama kabisa nikaendelea.

"Machi," nikasema, nikimwelekeza kidole shemeji yangu mpole, "ni Marsi, mungu wa vita!" Machi akaacha kuimba. "Na kaka yetu Januari ni Yano, mungu wa milango, mwenye nyuso mbili, mmoja mbele, mmoja kisogoni!"

Mke wa Januari alikuwa anapita na sinia la ndizi za kuchoma. Akasimama. "Eee! Ndiyo maana!" akasema.

"Ndiyo maana nini?" Januari akauliza.

"Hakuna. Nimesema tu ndiyo maana." Akaliweka sinia chini kwa nguvu, na hapo upande ule wa turubai ukaanza ugomvi mwingine wa safari fulani ya Ngara mjini ambao mimi sikuhusika nao, ingawa wananihesabia.

Mzee Kalenda akainua mkono.

"Mwarimu," akasema taratibu, "umesema mungu. Mungu gani?"

"Mungu wa Warumi, mzee. Wa zamani sana."

"Warumi hawa wa kwenye Bibria?"

"Ee... hao hao, mzee."

"Wariomsurubisha Bwana?"

Nikamtazama baba mdogo. Baba mdogo alikuwa anatazama paa la turubai kama mtu anayekagua linavuja wapi. "Hao hao," nikasema.

Bibi yake Juni akasema "Yesu wangu!" na vigelegele ndani vikakatika. Nikasikia, kwa sauti ninayoifahamu kuliko sauti zote, Juni akiuliza, "Amesema nini tena?" Lile neno tena liliniuma.

Mtu mwenye akili hapo angepiga magoti. Mimi niliona njia ya kujiokoa ni kumwonesha mzee kwamba hayuko peke yake, kwamba Warumi wametuingilia sote, tena bila ubaya wowote, ni maneno tu. Nikageuka barabarani, kwenye karakana ya Januari, ambako kulikuwa na kibao kikubwa chenye herufi nyekundu, VULCANIZING, kama mnavyoviona kila penye fundi pancha. "Mzee wangu, usisikitike, hata kile kibao ni Vulkano, mungu wa moto!" nikasema. Nikageuka upande wa pili, kwenye ghala la mzee mwenyewe, ambako kwa ajili ya wanunuzi kutoka mbali alikuwa ameandikisha CEREALS ukutani. "Na pale ni Seresi, mungu mke wa mavuno! Hata neno la Kiingereza la fedha, money, limetoka kwenye hekalu la Yuno! Wako kila mahali!"

Nilidhani nimemfariji.

Bibi akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti aliyokuwa ameifunga humo, akaitazama kwa muda, kisha akairudisha haraka (hapo hakuwa tayari kuachana na Warumi). Mama Januari akanyanyuka akaenda sebuleni, tukasikia kalenda ikigeuzwa ielekee ukutani. Mzee wangu wa watu uso wake ulikuwa umesinyaa, na sitanii sasa, niliona huzuni ya kweli, huzuni ya mtu aliyekimbia mizimu maisha yake yote, akaambiwa siku ya furaha yake kwamba alikuwa anailea ndani na kuiita ije kula.

"Machi," akasema, "kashushe kire kibao."

Machi akaleta ngazi. Januari akamfuata akisema kile kibao kimemchukua mwezi mzima kukipata, wateja watampataje, Machi akamwomba radhi huku anakifungua, na kibao kikamponyoka kikaanguka juu ya mtaimbo wa kubandulia matairi, kikapasuka katikati. Oktoba akanisogelea. "Na mimi, mwalimu? Mimi ni mungu gani?"

"Wewe hapana, mdogo wangu," nikasema, kwa mara ya kwanza nikiwa na habari njema. "Oktoba ni nane tu. Namba."

"Mbona mimi nimezaliwa mwezi wa kumi?"

Nikafungua mdomo kuanza kueleza kalenda ya kale ya Kirumi, na baba mdogo Laurenti, mtu mzima na suti yake, akanitia ndizi ya kuchoma mdomoni, nzima.

"Posa imesimama," akasema Mzee Kalenda. "Siwezi kutoa binti kwa jina ra mungu wa hao watu. Aitwe mchungaji. Watoto wote wapewe majina mengine. Baadaye tutaona kama mambo ya kuoana yapo." Akakaa.

Utani wote uliniishia hapo. Nilikuwa na ndizi mdomoni na nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa. Juni alikuwa mlangoni akichungulia nyuma ya bega la shangazi yake, hakuwa analia, alikuwa ananitazama tu kama anavyotazama shamba lililoliwa na ng'ombe, anapiga hesabu nini kinaweza kuokolewa. Nilitamani kumwambia nisamehe. Lakini ndiyo hivyo, sikuwa nimepewa nafasi ya kusema.

Mchungaji akaletwa kwa bodaboda. Ni mzee mwenye mvi, amehudumu Nyakisasa hadi amezeekea pale, na alishuka akipangusa vumbi na kuuliza nani anaumwa. Mzee Kalenda akamweleza yote, kwa uaminifu, bila kuongeza neno, na ilikuwa mbaya hivyo hivyo bila kuongezwa. Januari alikuwa amesimama na vipande vya kibao, kimoja kila mkono. Nilikuwa ninaendelea vizuri kabisa, nimeinamisha kichwa, nimefunga mdomo, hadi nilipomsikia mzee akisema, "Tutaanza na Juni, mchungaji Martini."

Martini!

Sikufanya kitu, jamani, naapa. Niliinua kichwa tu. Lakini nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu Januari akaniona.

"Wewe mwalimu," akasema, "mbona umeshtuka? Na Martini naye ana mungu wake?"

Macho yote yakanigeukia. Hebu fikirieni nafasi niliyokuwa nayo. Nikisema kweli, nimemtia mchungaji kwenye kapu moja na kibao cha pancha. Nikisema uongo, nimedanganya ukweni mbele ya mtumishi wa Mungu. Baba mdogo alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na sijui kama alikuwa anasali au ananilaani.

"Mchungaji," nikasema, "naomba nisiseme."

"Yesu wangu!" bibi akasema tena, maana jibu gani lingekuwa wazi zaidi ya hilo?

Na mchungaji Martini akacheka. Alicheka akashika mgongo wa kiti, akacheka mpaka mvi zikatikisika. "Mwacheni kijana, najua mwenyewe," akasema. "Walituambia chuo cha Biblia. Ni yule yule wa Machi, wa vita. Sasa mzee Sostenes, nikuulize. Hawa watoto wako nani aliwabatiza?"

"Wewe, mchungaji."

"Kwa jina la nani? La Martini?"

"Hapana. Kwa jina ra Bwana."

"Na wewe ndoa yako nani aliifunga?"

Mzee akatazama mkeka. Na Mama Januari, ambaye siku nzima hakuwa ametamka neno la kuchokoza, akainyoosha kanga yake akasema, "Kama jina la mchungaji linaharibu kazi yake, basi mimi bado ni binti wa watu. Nirudisheni kwetu Murukulazo, mje mnipose upya. Na safari hii sitatoka kirahisi."

Turubai zima likalipuka. Wazee walicheka, mashangazi walicheka, Machi alicheka akaomba radhi kwa kucheka. Mzee Kalenda alijizuia, akajizuia, kisha mabega yakaanza kutikisika, na alipomaliza alijifuta macho kwa kofia. "Majina yabaki," akasema. "Bwana anawajua wenyewe." Mimi nikapumua. "Rakini," akaendelea, na mimi nikaacha kupumua, "mira ni mira. Mwenye kuposa amesema kabra ya kupewa nafasi. Tena amesema sana. Mzee Raurenti, mchukue mtu wako mwende. Mtarudi, tutaanza mwanzo, na hatutaki kumsikia. Na kibao cha Januari atakirudisha yeye."

Basi tukaondoka na njaa, kuku wakiwa wanaiva nyuma yetu tunasikia harufu. Baba mdogo hakunisemesha hadi Biharamulo, na mtu ambaye hajawahi kukaa kimya na baba mdogo hawezi kujua ukimya huo una uzito gani.

Kibao nilikirudisha. Nilikwenda na ubao, rangi na brashi, nikaandika mwenyewe, nimekaa kwenye tairi mbele ya karakana, Januari amenisimamia mikono kiunoni, tena kwa Kiswahili kama alivyoagiza: TUNAZIBA PANCHA. Siku hiyo ilikuwa ya soko, hivyo Nyakisasa yote ilipita na kila aliyepita alisimama. "Mwalimu shikamoo! Na pancha ni mungu wa nani?" Nikawa najibu sijui, na kweli sijui, wala sitatafuta.

Tukarudi kuposa mara ya pili. Njiani baba mdogo alinieleza adhabu za kidunia na za akhera zitakazonipata nikifungua mdomo, na mimi sikuhitaji kuelezwa, nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, hata darasani nilikuwa natoa mazoezi ya kuandika tu. Nilikaa chini ya turubai lile lile nikainama. Waliniletea soda, nikashukuru kwa kichwa. Mama Januari akaniuliza habari za safari, nikatabasamu. Mzee Kalenda alianza kunitazama kwa wasiwasi, kama anafikiri nina homa.

Maneno ya wasemaji yakaenda vizuri, mahari ikakubaliwa, ikafika hatua ya kuletwa binti. Pale kwao wanaleta wasichana wamefunikwa kanga gubigubi, mmoja mmoja, mwoaji amtambue wake. Wa kwanza aliletwa, mrefu mno, nikatikisa kichwa, watu wakacheka. Wa pili alikuwa Oktoba (viatu vya shule vilimfichua), nikatikisa kichwa. Wa tatu akaletwa akasimamishwa mbele yangu, na kabla hajasimama vizuri nilishamjua, kwa mwendo, kwa mikono, kwa lile kovu la jembe kwenye kidole cha mguu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikaitikia tena. Kimya.

Nilichokuwa sikijui, na ambacho hakuna aliyefikiri mtu mzima anahitaji kuelezwa, ni kwamba hapo ndipo nafasi yangu ya kusema ilipo. Mwoaji lazima amtaje binti kwa jina lake kwa sauti yake mwenyewe, wazee wasikie, ndipo kanga iondolewe. Baba mdogo alikuwa amekaa kwa raha zake, akidhani namalizia maigizo. Mimi nasubiri wanipe ruhusa, wao wananisubiri mimi. Mzee Kalenda akakunja uso. Mmoja wa mashangazi akamnong'oneza mwenzake, na nikaona ile kanga mbele yangu inaanza kutetemeka, nikajua Juni ameanza kufikiri jambo ambalo sikuwahi kulifikiri hata siku moja, kwamba labda nimebadili mawazo. Na bado, kwa ujinga wa woga, sikusema.

Ndipo sauti ikatoka chini ya kanga, ndogo, ya hasira na kilio pamoja, na kila mtu aliisikia hadi barabarani.

"Wewe Fulgence. Miungu yote ya Warumi uliitaja. Mimi ndiye umeshindwa kunitaja?"

"Juni," nikasema. "Ni Juni. Juni!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka, na sioni aibu kuwaambia kwamba nililia, mwalimu mzima, mbele ya watu wale wale. Kanga ikaondolewa, na yeye alikuwa analia na kucheka, akanifinya mkono palepale mbele ya wazee, na alama ilikaa siku nyingi.

Tumeoana sasa. Na nimeapa, tena kwa Mungu mmoja tu, kwamba maana za maneno nitazifundisha darasani, na nikiwa ukweni nitakula nilichopewa na kusema asante.